Koti Linanikaa kwa Fundi, Ofisini Linapinda

Mwanangu sasa hivi tu ameingiza mguu kwenye mkono wa koti langu la kazini, akautokeza upande wa pili, akasimama, akatembea nalo chumba kizima akilikokota nyuma kama shela ya bibi harusi, akaanguka, akajicheka mwenyewe, kisha akalala palepale juu yake na kidole mdomoni. Nimeshindwa kumtoa. Nimekaa sakafuni pembeni yake nakuandikia wewe, mpendwa mshauri, maana nahitaji msaada na sina mwingine wa kumwuliza, na tafadhali usinicheke, najua wengine wanakuletea mambo mazito ya ndoa na mirathi, langu mimi ni koti.

Mimi ni mfupi. Siyo mfupi wa kusema yule dada mfupi, ni mfupi wa mtu kunigongea mlango akaniuliza mama yupo. Mwili nao mdogo, hata nilipojifungua uliongezeka kifuani tu, kwingine ukabaki vilevile, na kazini wananiita Kidoti. Shule sikufika mbali, kwa hiyo pale ofisini niliajiriwa kuchemsha chai na kupeleka mafaili, na nilifurahi, lakini dada wa mapokezi aliacha kazi na mkuu wetu, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, akaniita akasema, "Kidoti, una sauti ya kutuliza watu. Kuanzia wiki ijayo kaa mbele, mwisho wa mwezi nitaamua kama unabaki. Ila mbele hatukai na sweta, tafuta suti." Mshauri, nilitoka pale miguu haigusi chini, nikamwambia mwanangu mama anakaa mbele, akanipiga busu la mate.

Basi nikaanza kutafuta hiyo suti. Duka la kwanza muuzaji akaniuliza, "Anavaa umri gani?" Nikamwuliza nani. "Huyo unayemnunulia." Nikasema najinunulia mimi mwenyewe. Akaniangalia chini hadi juu, haikumchukua muda, akasema, "Basi njoo huku kwa watoto wa kiume, tuna suti za sherehe." Nikaenda, ningefanyaje, na kweli mikono ilinitosha na urefu ulinitosha, lakini aliyeishona hakuwaza kama atakayeivaa ananyonyesha, kifungo hakikufunga. Za wanawake, ile ndogo kabisa, kifungo cha kiunoni kiliniangukia chini ya kitovu na mifuko ikakaa mapajani, na muuzaji akaniambia nipindepinde tu mikono. Kwenye simu niliona kuna zinazoshonwa kwa ajili ya wanawake wafupi, nzuri, nikaangalia bei mara moja nikaizima simu.

Mwishowe nikapata ya mtumba, rangi ya majivu, kitambaa kizuri kizito, kubwa lakini bei yangu, nikaipeleka kwa fundi aipunguze. Sasa mimi nikitoka kazini napita kwanza kituo cha kulelea watoto kumchukua mwanangu, maana wanafunga mapema, ndipo naenda kwingine. Na huyu mtoto akishanipata baada ya kutwa nzima hashuki, nambeba kiunoni upande wa kushoto, na mimi nikisema ukweli sitaki ashuke.

Fundi akasema, "Mama, mweke mtoto chini nikupime."

Nikamweka. Akapiga ukelele hadi wateja wa duka la jirani wakachungulia. Nikambeba tena.

"Haya, basi simama wima."

"Nimesimama."

"Hiyo ndiyo wima yako?"

"Ndiyo, baba."

Akapima akizunguka miguu ya mtoto, mtoto naye akivuta utepe, akanivalisha koti akachora chaki huku na huku, akasema, "Mabega yako hayalingani, bega la kushoto liko juu. Lakini usijali, nitayafuata." Suruali hakunipima, nilimletea suruali yangu ya zamani akapimia hiyo, na suruali haina tatizo lolote, nieleze hilo mapema.

Tatizo ni koti. Siku ya kwanza nimekaa mapokezi, mlinzi akanipitia akasema, "Kidoti, hilo koti umelivaa au limekuvaa?" Nikainuka kwenda kwenye kile kioo kikubwa cha mlangoni. Mshauri, lilikuwa limepinda. Upande wa kushoto umeshuka chini, wa kulia umepanda juu, na bega la kushoto limebaki na hewa limesimama peke yake kama halijuani na mimi. Wa uhasibu akauliza leo nimelalia ubavu gani. Mteja mmoja mzee, mtu mwenye heshima zake, alikuwa akiongea nami huku ameinamisha kichwa upande, nadhani hata hakujua, alikuwa analifuata koti. Mwingine akaniuliza, "Binti, dada wa mapokezi yuko wapi?"

Nikarudi kwa fundi jioni ileile, koti nimelivaa, mtoto ninaye kiunoni. Nikamwambia baba umeniharibia. Akatoka nyuma ya meza yake, akanizunguka, akanisukuma taratibu mbele ya kioo chake, akasema, "Wapi? Nionyeshe palipopinda." Nikaangalia. Mshauri, naapa, lilikuwa limenikaa kama nimezaliwa nalo. Pindo limenyooka, mabega yametulia, hata mwanangu alijipigia makofi. Fundi akasema, "Mama, usinitafutie ubaya, kazi yangu naijua." Nikaomba radhi nikaondoka. Kesho yake ofisini likapinda tena.

Kwa hiyo sielewi. Nyumbani sina kioo cha maana, kipo cha kunyolea ndevu cha baba mtoto alichokitundika kwa kimo chake, mimi naona paji la uso tu. Yeye anaendesha malori ya mbali, tunaonana mara chache. Nilijipiga picha nikamtumia nikamwambia niambie ukweli, akajibu "umependeza sana mama" hata picha yenyewe haijamaliza kwenda. Mama yangu alikuwa na kimo hikihiki, lakini alifariki kabla sijajua kumwuliza yeye alikuwa anavaaje. Mchana wenzangu wakila pamoja mimi siku hizi nakula stoo kwenye maboksi ya karatasi, siwezi kusikia tena habari za ubavu.

Nimeshapanga maneno ya kumwambia mkuu anirudishe kwenye chai kabla hajanirudisha mwenyewe. Lakini kwanza nikuulize wewe, je, inawezekana mwili wangu umepinda na mimi sijui, labda tangu uzazi, niende hospitali? Au kioo cha ofisini ndicho kibovu? Na kama nirudi jikoni niambie, nitarudi, sitasikitika sana. Siyo suti tu mshauri, nyumba yetu hii ya kupanga ina vyumba vingi na watu wengi lakini tangu nihamie hapa hakuna mtu aliyewahi kuniambia hebu geuka nikuone nyuma, natoka asubuhi jinsi nilivyo narudi jinsi nilivyo, na wakati mwingine nikiwa pale mapokezi nawasalimia watu kutwa nzima nafikiri hivi kama leo

samahani naitwa, ni jirani yule wa karibu na bomba, anapiga kelele, "Mama wa chumba cha mwisho! Mvua! Nguo za mtoto zinalowa, nikuanulie au unakuja?" mtoto naye ameamka, nakuja kumalizia, nilitaka tu kukuambia kwamba

*

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu Kidoti,

Barua yako imenifikia hivyohivyo, haina mkia. Nadhani ulibonyeza kutuma ukikimbilia kamba ya nguo. Hakuna neno, ya kutosha nimeyasoma.

Usiende hospitali. Mwili wako haujapinda, na kioo cha ofisini ni kizima. Soma tena uliyoandika, taratibu safari hii. Kwa fundi ulipimwa mtoto akiwa kiunoni kushoto. Mwanamke aliyebeba mtoto kushoto hutoa nyonga upande huo na bega lake hupanda. Fundi akaona bega limepanda, akalifuata, kama alivyokuahidi. Ukarudi kulalamika, mtoto yuko kiunoni tena, koti likakaa sawa. Ofisini huna mtoto, linapinda. Suruali haikupinda kwa sababu hukuivaa wakati wa kupimwa. Mdogo wangu, umeshonewa suti ya watu wawili, na kazini unaenda peke yako.

Nilicheka, sitakuficha. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu jambo hili mtu yeyote angeligundua kwa kukutazama mara moja, na hukuwa na huyo mtu.

Sasa nikugombeze kidogo. Fundi alikuambia mabega yako hayalingani, ukaitikia ndiyo baba. Umeishi na mabega hayo tangu uzaliwe, leo mtu mwenye utepe anakuambia hayalingani na wewe unapokea! Muuzaji anakupeleka kwa watoto wa kiume, unamfuata. Wa uhasibu anakutania, unahamia stoo. Mkuu wako hakukupandisha kwa kukuonea huruma, mama asiyecheka ovyo hafanyi hivyo. Alisikia sauti yako. Hayo maneno uliyopanga ya kurudi kwenye chai yapangue leo. Usimsemee mkuu uamuzi ambao yeye hajaufanya.

Koti linapona. Alipunguza bega la kulia akaliacha la kushoto, kwa hiyo kitambaa cha kushoto bado kipo, na kilichozidi hukatwa. Kingekuwa kimepungua ningekuambia ukatafute lingine. Rudi kwake bila mtoto kiunoni, vaa viatu vile unavyovaa kazini na sidiria ya kunyonyeshea, siyo kandambili na kitenge. Usimwambie ameharibu. Mwambie, "Fundi, ulinipima nimebeba, nipime tena nimesimama mwenyewe." Atajua palepale, na kama ni mtu wa haki hatakutoza. Ukiwa hapo mwambie apandishe kiuno cha koti kifike kwenye kiuno chako, na vifungo vipande nacho. Mtu mfupi akikata pindo tu, koti linafupika lakini kiuno kinabaki nyongani, ndipo watu wanauliza kama ni la baba. Mifuko ikiwa chini sana, aizibe kwa kuishona, hakuna anayeweka kitu humo.

Na wengine wenye kimo cha Kidoti mnaosoma kimyakimya, maana barua ya namna hii si ya kwanza kuipata: mtumbani angalieni bega kabla ya kitu kingine. Mikono hukatwa, pindo hukatwa, ubavu huingizwa ndani, lakini bega likiwa kubwa mno fundi atalazimika kulifumua koti zima, na hapo unafuu wa mtumba umekwisha. Tafuteni koti fupi lililoishia nyongani, la kifungo kimoja, kola nyembamba. Koti na suruali si lazima zitoke mahali pamoja, nyeusi na nyeusi hazigombani. Na mkiambiwa pindapinda tu, tokeni dukani.

Nirudi kwako. Utaniuliza, mtoto nitamwacha na nani nikienda kwa fundi? Swali zuri. Umeniandikia kwamba nyumba nzima hakuna anayekuangalia, na barua hiyohiyo imekatizwa na mtu anayekuita kwa sauti kwa sababu nguo za mwanao zinalowa. Hakukuita jina, ni kweli, amekuita wa chumba cha mwisho. Lakini na wewe umemwita wa karibu na bomba. Mko sawa, hamjuani, tofauti ni kwamba yeye ameita.

Siwezi kukuahidi kwamba atakuwa dada yako. Huenda ni mtu wa maneno mengi, huenda ana shida zake zinazomtosha. Na upweke wa mtu ambaye mwenzake yuko barabarani na mama yake hayupo duniani hauondoki kwa jirani kushika mtoto saa moja. Najua. Lakini mikononi mwa mtu huyo ndimo mtoto atakaa wakati unapimwa, siyo kiunoni kwako. Kwa hiyo jioni ya leo, siyo kesho, nenda umgongee. Mshukuru kwa nguo. Mwambie jina lako, umwulize lake. Kisha vaa koti, geuka, mwache akuangalie nyuma, na akicheka mwache acheke.

Baba mtoto akipiga simu mwambie ashushe hicho kioo akirudi. Au shusha mwenyewe, ni msumari tu.

Mimi barua yako nimeishika hapa na sijui ulitaka kusema nini baada ya hiyo "kwamba." Usiniandikie tena kunimalizia. Mmalizie huyo wa karibu na bomba, mkiwa mnakunja hizo nguo.