Sauti Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 2 Julai 1962
Blackpool, mji wa ufukweni Uingereza. Mvua. Bwana Stott, meneja wangu, kaniambia nisiendelee kurefuka. Kasema kwa uso mkavu kabisa, kana kwamba urefu unakatwa kama kucha. Nina miaka kumi na saba. Kwenye mabango bado nina kumi na tano. Gauni la pinki, utepe kichwani, na ule wimbo wa kumlilia mvulana aliyehama mtaa. Nimeuimba miaka miwili. Angehamia hata baharini, mimi sina habari naye.

Jumatano, 4 Julai
Kaletwa binti mpya. Janice Ogden, miaka kumi na minne, sura ya malaika, mama yake nyuma kama askari jela.
“Mfundishe wimbo wako, Noreen,” Stott akasema. “Kama dada yake.”
Nikamwuliza mimi nitaimba nini. Tutaona, akasema. Ndivyo anavyosema hapana.
Janice akaimba. Masikini — hata noti moja ya wimbo hakuipata. Mama yake alifuta machozi ya furaha.

Ijumaa, 6 Julai
Stott kapata dawa. Kesho mchana Janice atasimama jukwaani afungue mdomo. Mimi nyuma ya pazia, na kipaza sauti, niimbe.
“Hakuna atakayejua.”
“Mimi nitajua.”
“Wewe hukati tiketi.”
Nikampigia Mama simu nyumbani, Oldham. Anasema nikubali, kwani nataka kurudi kiwanda cha pamba? Mwaka jana alikuwa akiwaambia majirani mimi ni nyota. Sasa nyota iimbe mafichoni, sawa tu.

Jumamosi, 7 Julai
Kabla ya onyesho Janice kanifuata peke yake, midomo imepakwa rangi.
“Dada, usiimbe.”
Nikadhani ananibeza. Kumbe hapana. Hataki kazi hii, mama yake ndiye anayeitaka. Akiaibika leo mara moja, watamwacha arudi shule.
“Na mimi watanifukuza,” nikamwambia.
“Najua. Ndiyo maana nakuomba, sikuamrishi.”
Wa kwanza kuniomba kitu tangu nianze kazi hii.

Niko nyuma ya pazia sasa, nimekaa juu ya sanduku la ngoma, penseli mkononi. Ukumbi umejaa. Bendi imemaliza utangulizi, sauti haikuja, wameanza tena. Kwenye upenyo namwona Janice, mdomo wazi. Stott ananipungia mikono kama anayefukuza kuku. Kipaza sauti kimewashwa, kiko karibu na kidevu changu. Bendi inaanza mara ya tatu. Naandika, siimbi.