Jina la Bibi Chiku Limepanda

Jumapili. Mvua imekatika tangu mchana, huku kwetu Mbwawa ni matope matupu, na mimi nimekaa barazani nikinywa chai ambayo kwa mara ya kwanza wiki hii ina ladha.

Nimepumua.

Wiki nzima nimekuwa mkali hata kwa kuku. Jumamosi ijayo tunasoma hitima ya babu kule Maneromango, na safari hii ukoo uliamua litundikwe bango lenye majina ya kizazi chake chote, ili vijana wetu waache kutongozana harusini kumbe ni ndugu. Kaka yangu Hamisi akatangaza kwenye kundi la familia kwamba mtu wa kompyuta yupo, dada yake, mwalimu wa hisabati ambaye michoro ya mitihani yake imenyooka. Ndiyo nikauvaa mkenge.

Programu ninayotungia mitihani haina mambo ya kushika kitu na kukisogeza. Unaandika namba: jina hili liende kulia kiasi hiki, lile lipande kidogo. Kisha unaiamuru ichore, unatazama, unakuta baba mdogo amemkalia mkewe kichwani. Unarudi kwenye namba. Kwa pembetatu nayaweza hayo. Kwa ukoo wa babu, aliyeoa wake wawili na wote wakazaa kweli kweli, nilikoma.

Nikafanya nilivyofanya. Babu juu katikati, Bibi Mwajuma ubavuni mwake. Huyo ndiye mke wa kwanza, bibi yangu mzaa baba. Kwa Bibi Chiku, mke wa pili, nafasi ikanibana, nikamshusha mstari mmoja chini, na watoto wake wakashuka naye. Kwangu lilikuwa suala la karatasi tu. Nikatuma kwenye kundi, watu wakamwaga vialama vya makopa kunisifu.

Shangazi Zaituni hakuandika kitu.

Shangazi ni mtoto wa Bibi Chiku, na ndiye pekee aliyebaki hai kati ya watoto wa babu. Nilipompigia kumsalimu, aliitikia marahaba, akaulizia shule, kisha akasema taratibu kabisa kwamba Jumamosi hatakuja, hajisikii vizuri. Nikambembeleza. Akasema, "Mwanangu, sisi tuko chini huko. Hata tusipokuja, nani atatuona?"

Nililia. Nasema ukweli, nililia ofisini mbele ya walimu wenzangu, nikasingizia mafua. Hitima ya babu bila mtoto wake wa kumzaa, na sababu ni mimi. Tena mimi wa nyumba kubwa, nani angeamini kwamba sikukusudia?

Hamisi aliniambia nilipandishe tu jina la shangazi, yaishe, bango likachapwe. Nikajaribu. Kila nikimpandisha, mistari inapishana na binamu zangu wanarundikana pembeni. Nilikisia namba hadi nikamkasirikia babu kwa kuzaa. Katika kutafutatafuta mtandaoni ndipo nikakipata kijiprogramu kinachofanya kazi pamoja na ile yangu. Kinakuonyesha ukurasa wenyewe, unalishika jina kwa kipanya, unaliburuta hadi unapotaka, mistari yake inalifuata, na zile namba zinajibadilisha zenyewe upande wa pili. Nilimburuta Hamisi huku na huku mpaka roho yangu ikatulia.

Halafu nikajiuliza, kwa nini nimpange shangazi mimi, wakati mwenyewe yupo?

Jana asubuhi nikaifunga kompyuta ndani ya mfuko wa nailoni, nikapanda bodaboda, nikapita njia ya Mpuyani mvua ikininyeshea hadi Kisarawe, anakokaa shangazi. Shangazi alinipokea kwa upole ule wa kumpokea mgeni, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza. Nikamwomba radhi. Nikaiweka kompyuta juu ya stuli mbele yake, nikamwonyesha namna ya kulishika jina, nikamwambia ajiweke mwenyewe pale anapoona anastahili.

Hakugusa jina lake.

Alilitafuta la mama yake, akalishika, akaanza kulipandisha polepole, ulimi umetoka kidogo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Sasa kijiprogramu hiki kina kawaida moja: majina mawili yakilingana, mstari mwembamba wa buluu unatokea kati yao. Jina la Bibi Chiku lilipofika ubavu wa pili wa babu, ule mstari ukatokea, ukaenda moja kwa moja hadi kwa Bibi Mwajuma. Shangazi akauliza ni nini hicho. Nikamwambia kinaonyesha kwamba wako sawa.

Akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Mimi ni kitinda mimba," akasema. "Nikiwa chini, ni haki yangu. Ila mama yangu hakuolewa chini ya mtu. Yeye na bibi yako walipika chungu kimoja."

Kumbe wiki nzima nilikuwa nahangaika na jina lisilo lenyewe. Nilidhani shangazi anajidai nafasi, na nakiri kwamba moyoni nilishamwita mtu mwenye makuu. Mwenzangu alikuwa anamtetea mama yake, ambaye hayupo tena kujisemea.

Baada ya hapo tuliupanga ukoo mzima pamoja. Alinirekebishia mpangilio wa watoto wa baba mkubwa, akamsogeza Hamisi pembeni kwa sababu ana kiherehere, tukacheka hadi majirani wakachungulia. Kabla sijaondoka akaniuliza gari la kuwachukua watu Jumamosi litapita saa ngapi, maana anataka awahi akae mbele.

Kesho nalipeleka bango kuchapwa, na sigusi hata nukta moja ya alivyolipanga. Ila kuna kitu kimoja ambacho hakuna programu itakayonisogezea. Tangu nimepata akili nimemwita Bibi Chiku "bibi mdogo", nyumbani kwetu wote tulimwita hivyo, na wala hakuwahi kutukataza.

Jumamosi ni mimi nitakayeyasoma majina mbele ya watu. Nikimfikia, nitasema bibi.