Mbegu za Neema na Kikombe Changu cha Bluu

Mpendwa Mama Hyasinta,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni mimi mumeo, niliye huku Arusha kwenye baridi, nauliza hali zenu kabla sijaanza kununa. Mmeamkaje hapo kijijini Ruanda? Magoti ya mama yanamruhusu kushuka shambani? Hyasinta ameacha kukohoa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una shughuli.

Naandika kwa sababu Jumapili ulinikatia simu. Usisingizie mtandao. Mtandao wa Ruanda naufahamu, ukikatika hauanzi kwa kusonya. Tena kwenye simu mama anataka spika iwashwe, basi neno la mume na mke linajadiliwa na ukoo mzima. Barua utaisoma peke yako. Nimemkabidhi dada mmoja wa Mbinga mjini anayepika hapa kwenye kituo chetu cha mbegu za ng'ombe, anakuja likizo.

Nianze na kikombe. Mama aliniambia kwa furaha kabisa, "Huyu bwana mifugo ana adabu, mwanangu. Amekunywa chai kwenye kile kikombe chako cha bluu, akakiosha mwenyewe." Mama Hyasinta, vikombe vimeisha hapo nyumbani? Mimi sikuwahi kukiosha hata siku moja, najua, na ndiyo maana iliniuma. Kila mara pikipiki ya huyo Kasiani inapanda kilima mpaka kwetu, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma kwa mpira. Anamhimilisha ng'ombe wetu Neema, anampandikiza mbegu za dume, siku zinapita, Neema anarudi tena kwenye joto, na Kasiani naye anarudi tena kwenye chai. Mwanamume gani hachoki na kazi isiyoshika? Nilijijibu mwenyewe, na jibu halikunipa raha.

Kinachouma zaidi ni kwamba mbegu anazoleta ni kazi ya mikono yangu. Zikitoka kwa dume tunazitazama kwenye hadubini kama zinaogelea vizuri, kisha tunazichanganya na kiini cha yai na gliserini ili baridi isiziue. Maji yaliyomo ndani ya mbegu yakiganda ovyo yanakuwa sindano, yanaitoboa kutoka ndani. Kwa hiyo tunazipoza polepole, tunazijaza kwenye mirija myembamba, tunazipitisha kwenye mvuke wa naitrojeni, ndipo tunazizamisha kwenye naitrojeni yenyewe, kimiminika baridi kuliko barafu. Humo zinalala miaka. Nikifunga mtungi unaokuja kusini huwa naugusa kidogo, nausindikiza. Unafika nyumbani kwangu, na anayekaribishwa kiti ni Kasiani.

Ndiyo maana nilikuagiza: akija, asiingize kitu mpaka umeona jina la dume kwenye mrija. Nilimtaka yule dume niliyemchagua mimi, mtoto wa ng'ombe mwenye maziwa mengi. Na nisikufiche, nilitaka Kasiani ajue kwamba nyumba hiyo ina mwenyewe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini nilitaka angalau aione.

Sasa Jumapili, nilipokuwa nakuhoji kama polisi, ukanijibu, "Unataka nikueleze? Haya. Anafungua mtungi, ananyanyua kile kikopo chenye mirija juu kabisa, tunamtafuta huyo dume wako, mrija mmoja mmoja, mpaka tunampata. Nausoma, namsomea mama, mama anaushika kiganjani aone kama ni kweli. Ndipo anaingiza. Si wewe uliyesema, Baba Hyasinta?" Ukasonya, ukakata.

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Hakuna anayepanda mahindi wala maharage bila kuyamwaga kiganjani, kuyageuza, na kumpa mama naye ayageuze. Lakini mbegu hizi hazitaki kiganja, mke wangu. Mrija ukitoka kwenye naitrojeni unatakiwa uingie moja kwa moja kwenye maji ya uvuguvugu, uyeyuke haraka, ng'ombe apewe. Ukikaa hewani, ukapita mkononi mwako na mkononi mwa mama, unayeyuka taratibu mno, zile sindano zinajiunda upya, mbegu zinakufa. Na ile mirija mingine, iliyonyanyuliwa juu ikarudishwa, nayo inaharibika. Muda wote huu Neema alikuwa anawekewa maiti.

Kasiani alipaswa kukataa. Nadhani aliogopa kuonekana anaficha kitu mbele ya mke wa mtu wa kituoni. Au alipenda kusimama karibu yako mkisoma pamoja. Sijaamua.

Mama anasema Neema akikosa safari hii auzwe, tununue nguruwe. Tafadhali mzuie. Unakumbuka tulivyokubaliana jikoni siku ninaondoka: Neema akizaa, maziwa yakianza kwenda Mbinga, mimi naacha kazi, narudi. Kila anapokosa mimba, mimi nabaki huku. Nilidhani namchunga Kasiani, kumbe najifungia mlango mwenyewe.

Basi akiwa kwenye joto tena, mwite Kasiani. Mwambie aje na mtungi mwingine wenye mirija mipya, auchomoe mmoja kwa koleo bila kukitoa kikopo nje ya mtungi, na maji ya uvuguvugu yawe tayari pembeni. Dume yeyote atafaa. Asikuonyeshe jina. Wewe simama kichwani kwa Neema, shika kamba. Kichwani, Mama Hyasinta, siyo upande ule anaofanyia kazi yeye.

Mama mpe shikamoo yangu, umweleze habari ya kiganja kwa upole, asije akadhani namlaumu. Mjomba wa kule ziwani Mbaha mwambie visamaki vyake vya usipa vimefika, nimevila na wenzangu mpaka wameniuliza hilo ziwa liko wapi. Shemeji Otmari namshukuru kwa kumkatia Neema majani. Hyasinta mwambie baba anamkumbuka kila anapoona mtoto na begi la shule.

Chai mpe, kilima chetu si mchezo. Na kama kikombe cha bluu ndicho kilicho karibu, mpe hichohicho. Lakini usimwachie akioshe. Kiweke hivyohivyo, nikirudi nitakiosha mwenyewe.

Ni mimi mumeo, nisiyelala vizuri,

Baba Hyasinta