Ricky Anaomba Anwani Yako

Likasi, komini ya Panda,
Tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Guy,

Salamu za Bwana zikukute mzima huko Mwene-Ditu. Mkono unaendeleaje? Unaweza kuinua ndoo sasa? Sisi hatujambo, ila Mama anaumwa bega, na bega hilo ndilo linalonifanya nikuandikie. Soma polepole, usiichane barua kabla hujafika mwisho.

Jumapili iliyopita pasta alifundisha juu ya kupenda adui. Tuliitika Amina, mimi kwa sauti kubwa.

Saa saba nilikuwa nasonga bukari. Tukasikia makelele njiani, na mtu akaruka ukuta wa lupango letu, akaanguka karibu na makaa ya mbabula. Alikuwa Ricky. Ndiyo, yule yule aliyekuvunja mkono siku vijana walipotufukuza sisi watu wa Kasai sokoni.

Nyuma yake kundi zima, na mawe na matairi. Walisema ameiba waya za umeme. Mama akaenda kusimama mlangoni na fimbo yake.

"Mama, weye unamuficha?" kijana mmoja akamuuliza. "Si ni yeye alivunja mutoto wako?"

"Ni yeye," Mama akajibu. "Minye ndiye nilifunga ule mukono. Kama kuna muntu wa kumupiga, ni minye, na minye simupige. Murudi kwenu."

Jiwe likampata begani. Hakuondoka. Bila kugeuka akaniambia nimpe Ricky maji. Nilikataa, Guy. Nilimwona anavyotetemeka, nikafurahi.

Polisi walikawia karibu saa nzima. Walipofika, Mama aliwaomba wangoje, akamletea Ricky maji mwenyewe kwa mkono uliobaki mzima, ndipo wakamchukua.

Jumatano walimwachilia, mwenye waya mwenyewe alisema mwizi si yeye. Jana Ricky alikuja, akasimama nje, hakuthubutu kuingia. Anaomba anwani yako akuandikie. Mama alimwambia hawezi kuitoa bila wewe kukubali.

Usiniulize mimi. Mama asingekuwapo, ningewafungulia mlango. Nalijua hilo sasa, na linanitisha kuliko yale mawe. Jibu mwenyewe, hata kama ni hapana.

Shemeji yako Symphorien na mtoto Hadassa wanakusalimu sana. Nisalimie mjomba Dominique. Mungu aliyeunga mfupa wako akutunzie na moyo pia.

Ni mimi dada yako, nakupenda na nangoja neno lako,
Kabedi