Wigi la Pili

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Huku Joubert Park tuko wazima, na shangazi yako amepata meza ya kuuzia vitenge sokoni Fordsburg.

Unauliza kama yule nyota mweusi, kwenye ile filamu ya ngumi niliyoifanyia kazi, aliruka mwenyewe kutoka ghorofani. Wapi! Niliagizwa mawigi mawili ya afro: moja lake, la pili la Mzungu aliyepakwa rangi nyeusi hadi shingoni aruke badala yake. Babu yako, aliyekuwa kibarua palepale, aliomba aruke yeye. Wenye filamu wakamcheka, eti weusi hawajui kuanguka. Akaambiwa ashike godoro, Mzungu asiumie.

Filamu ilipoonyeshwa, ukumbi mzima ulishangilia ule mruko: "Mwenzetu huyo!" Babu yako alipiga makofi kuliko wote.

Tulimzika sijamuuliza kwa nini.

Bibi yako