Ngoma ya Harusi ya Khadra

Jumapili, 2 Novemba 1997
Mvua tena! Ngoma imelegea, inalia kama godoro linalopigwa fimbo. Habaryar Amino — mdogo wake Hooyo, mama yangu, aliyetujia kutoka kambi za Dadaab — anasema ngozi lazima iote jua. Jua gani? Hapa Galbet hata choo kimejaa maji. Nimefanya mazoezi kwenye mtungi wa mafuta wa plastiki. Jirani yetu Tuye akafoka juu ya ua: "Amino! Hii mtoto nabiga kichwa yangu!" Nikaambiwa niendelee, ila polepole. Polepole ndiyo ngumu!

Alhamisi, 6 Novemba
Khadra, dada yake Fathi, anaolewa kabla ya Ramadhani! Fathi ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, basi nani apige ngoma? Mimi! Wanawake watasema buraanbur, yale mashairi yao ya harusi, na kila shairi litafuata mkono wangu. Nimekubali mbele ya mama yake Fathi, akanimwagia manukato kichwani. Habaryar anasema mpiga ngoma akishamwagiwa manukato hajitoi. Kwani nani anataka kujitoa?

Jumatano, 19 Novemba
Nimeunguza ngoma. Haya, nimeandika. Niliiweka karibu na jiko ikauke, Fathi akaja kuniuliza kama kijani kinampendeza. Kijani! Tulipokumbuka, ngozi ilikuwa inanuka nyama choma. Habaryar hakunipiga. Aling'oa ngozi iliyoungua kamba kwa kamba, afadhali angenipiga. Ngozi mpya imewambwa ukutani kwa Kulow mchinjaji, inangoja jua kama sisi sote.

Halafu hakuna anayetaja jina la bwana harusi. Nikiuliza, wanawake wanakohoa. Wote wameshikwa na kifua siku moja?

Ijumaa, 5 Desemba
Bwana harusi ni Aabo. Baba yangu mimi!

Fathi ndiye aliyeniambia, tena anacheka: kuanzia sasa nimwite habaryar, mama mdogo. Habaryar! Tumezaliwa mwezi mmoja na bado ananakili hesabu zangu. Nilimsukuma kwenye tope, yeye na kijani chake.

Hooyo alijua. Habaryar alijua. Tuye alijua! Mimi tu nilikuwa napiga mtungi kwa furaha kama mjinga. Nimemwambia Aabo sipigi. Akasema dini inamruhusu na nitazoea, kisha akauliza chai iko wapi. Namchukia. Simchukii. Aa, nimechoka nao wote!

Jumatatu, 8 Desemba
Nimemwambia Hooyo pia kwamba sipigi. Akasema nilikubali mbele za watu, na watu wasije wakasema nyumba yake haitimizi ahadi. Nikamuuliza, na yeye je, hana uchungu? Akachukua sufuria iliyokuwa safi, akaiosha.

Alhamisi, 18 Desemba — kwa akina Fathi
Naandika nyuma ya jiko lao, karibu na mlango. Wanawake wako kwenye swala ya magharibi.

Tangu alasiri Habaryar ndiye aliyekuwa anapiga. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu. Habaryar alikuwa ananitazama, mama yake Fathi ananitazama, na manukato yake sijui yananuka mpaka lini!

Mara Hooyo akaingia. Hakuna aliyemtarajia. Amevaa nguo mpya aliyonunuliwa na Aabo ya kumtuliza, bado ina mikunjo ya dukani. Akaingia katikati ya duara, akasema ana buraanbur. Habaryar akainua mkono apige. Hooyo akatikisa kichwa. Hasemi shairi lake mpaka nipige mimi. Mimi! Adhana ndiyo iliyoniokoa.

Swala imekwisha. Fathi amenifuata huku na ngoma. Ameipasha moto mwenyewe, anaigeuza, anaipapasa ngozi mpya kwa kiganja. Hakuiunguza. Leo hasemi mambo ya habaryar. Nimemuuliza shairi la Hooyo ni la kuwasifu au la kuwalaani. Hajui. Amevuta kamasi, akanisukumia ngoma mapajani.

Ina joto. Hooyo amesharudi katikati ya duara, namwona kutoka hapa. Anaangalia mlango huu.