Meza ya Mkwe

North York, Toronto. Alhamisi, Desemba 1996

Nimelikosa tena lile swali la kupanga watu mezani. Mtihani wa kuingia shule ya sheria ni Jumamosi hii, na wala siogopi. Nimekufa ganzi tu.

Swali linataka uwapange watu wa familia moja kwenye meza ya duara kwa kufuata masharti yaliyotolewa. Nilipanga, nikarudia, nikakosa. Binti yangu Neema akachukua kitabu, akasoma, kisha akaniuliza kwa Kiingereza chake cha shule kwa nini nimemweka mzee mbali na mke wa mwanawe.

Nikamwambia, "Hao hawawezi kukaa pamoja, mwanangu."

"Wameandika wapi, Mama?" Hilo alilisema kwa Kiswahili.

Hawajaandika popote. Niliongeza sharti langu bila kujua, la kwetu Tukuyu, ambako mwanamke hasogei karibu na baba mkwe. Nikafuta, nikawakalisha bega kwa bega, na swali likajibika. Sikufurahi wala sikuudhika.

Kisha nikapakua chakula. Baba mkwe wangu, anayeishi nasi tangu kiangazi, alikula mezani na mume wangu na Neema. Mimi nilikula jikoni nimesimama, mlango nimeurudishia, kama kila siku.

Neema alikuja kuchukua chumvi. Akaniangalia mimi, akageuka kuangalia kiti changu kule mezani, kitupu.

Safari hii hakuuliza wameandika wapi.